Nimelitaja Jina Lako Mbele ya Watu

Homa Bay,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwako Baba yangu, Mzee Chacha,

Nakuamkia kwa heshima zote, kama binti anavyomwamkia baba yake akiwa amepiga goti, ingawa leo nakuandikia nikiwa nimeketi wima kabisa. Je, goti lako lile la vita linakusumbua mvua hizi? Mama bado anakohoa usiku? Na yule ng'ombe mwekundu niliyemwacha na mimba, amezaa dume au jike? Nawawaza kila siku. Mimi ni mzima. Homa ilinishika mwezi uliopita ikaniachia, na sasa nakula samaki mpaka nguo zangu zote zinanuka ziwa. Ugali wa wimbi sijauonja tangu nilipoondoka, na hilo ndilo jambo pekee la huko linalonitoa machozi.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Marwa mchuuzi wa ng'ombe. Nilipoanza kuisoma nilicheka, lakini nilipofika mwisho nilikuwa nimekasirika, Baba, nakuambia kweli. Unasema Marwa alifika hapo nyumbani, akakaa kwenye kigoda mbele ya wageni wako, akasimulia kwamba alinisikia kwenye baraza kule Sori nikipaza sauti: "Mimi ni Boke, binti Chacha!" Na kabla watu hawajamaliza kuitikia, nikaanza kuhubiri habari za choo. Wageni wakacheka mpaka pombe ikawapalia. Unasema jina la Chacha halijawahi kutajwa pamoja na choo tangu ukoo wetu uanze. Unaniamuru niache kazi na nirudi kabla ya mavuno ya wimbi, kwa kuwa wazee wa yule kijana aliyeleta posa bado wanangoja jibu, na eti binti anayewapigia wanaume kelele mwisho ataolewa na mwangwi wake.

Baba, sirudi. Nimeandika hilo mapema ili usije ukasoma barua yote ukilitafuta. Sasa vuta kigoda nikueleze, maana Marwa alikuja na mkia wa habari tu, ng'ombe mwenyewe yuko huku kwangu.

Unakumbuka siku ile kanisani, nikiwa mdogo, niliposimamishwa kusema mistari ya Krismasi? Nilifungua mdomo, hakuna kilichotoka. Watu wakacheka. Ulinishika mkono ukanitoa nje, ukanipangusa machozi kwa kitambaa chako, ukaniambia, "Usilie, mwanangu. Wengine waliumbwa kusema, wengine waliumbwa kusikiliza." Ulilisema kwa upole, najua. Lakini neno hilo nililibeba kama mtu anavyobeba jiwe akidhani ni kiazi. Shuleni mwalimu akiuliza, jibu nilikuwa nalo, na sikunyosha mkono. Nilijua niliumbwa kusikiliza. Baba yangu alikuwa amesema.

Kisha nikachukuliwa kwenye kazi hii ya afya. Nilidhani nitafunga vidonda na kupima watoto. Kumbe Bwana Afya, huyu mkubwa wetu, anataka msichana wa kusimama kwenye mabaraza awafundishe akina mama habari za maji na vyoo. Nilikubali kwa sababu niliogopa kukataa. Ndivyo nilivyokuwa siku hizo, hata woga wenyewe niliuogopa.

Baraza la kwanza lilikuwa hapa Homa Bay, karibu na ofisi ya chifu. Bwana Afya alinipa karatasi ya maneno iliyotoka Nairobi. Mimi nisome kwa Kiswahili, na karani mmoja aitwaye Odhiambo ageuze maneno kwa Kijaluo. Basi nikasimama. Nikafanya kama tulivyofunzwa nyumbani: nikainamisha macho, nikashika sketi, nikasema, "Wazee wangu, naomba mnisamehe kwa kusimama mbele yenu." Odhiambo akageuza. Watu wakatazamana. Nikasikia mama mmoja akimuuliza mwenzake kwa Kiswahili, "Huyu amefanya makosa gani?" Mwenzake akajibu, "Ngoja, atasema." Walidhani nimeletwa kuungama! Kwao Wajaluo, Baba, mtu akisimama kusema huanza kwa kujisifu, hataji kosa lake hata kama analo.

Baada ya hapo sauti ikapotea. Nikaiinua karatasi mpaka ikanifunika uso. Nilikuwa nikisema, "Choo ni afya," tena kwa kunong'ona, naye Odhiambo akiyachukua maneno yangu matatu anahubiri muda wa kutosha kumenya viazi vya sufuria nzima. Watu wakacheka naye vizuri, wakampigia makofi, wengine wakaenda kumshika mkono. Mimi nilikuwa pale kama mlingoti wa bendera siku isiyo na upepo.

Hatimaye mzee mmoja akasimama akauliza, "Hii karatasi yenu inasema choo moja kwa kila boma. Sasa mimi na bibi ya kijana yangu tukikutana kwa mlango, tutasalimiana namna gani?"

Watu wakaangua kicheko. Baba, swali hilo mimi nilikuwa nalijua jibu lake! Wewe mwenyewe ukimwona mke wa kaka anatoka kisimani unapinda njia na kuzunguka nyuma ya ghala, usikutane naye uso kwa uso. Baba mkwe na mke wa mwanawe waingie shimo moja? Hata huko kwetu boma zima lingehama. Jibu lilikuwa mdomoni, na mdomoni likabaki. Nikatafuta kwenye karatasi, nayo karatasi haikuwa na wakwe. Watu wakaanza kuondoka, hata wale waliokuwa wamekuja na nia njema.

Bwana Afya hakunigombeza mbele ya watu. Alingoja tufike kwenye gari. "Baraza linalofuata ni Sori," akasema. "Ukinong'ona tena vile, nitakurudisha kwenu siku ileile."

Nilikwenda nyuma ya ofisi nikalia. Huko ndiko alikonikuta mama mmoja muuza samaki, karai kichwani, leso imefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda kupigana. Watu humwita Min Atieno, yaani Mama Atieno. Hapo kwanza nilimwogopa kuliko Bwana Afya.

"Wewe ndiyo ile mtoto ya choo?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilikuwa nyuma kabisa na samaki yangu, ngege. Neno moja nilisikia. Ulisema 'mtoto'. Ati mtoto anaharisha mpaka macho inaingia ndani. Hiyo ulisema mzuri sana. Niliacha samaki, nikasimama. Mimi nilizika moja namna hiyo."

Nikasema, "Neno moja tu, mama?"

"Moja si kidogo! Odhiambo amesema mingi, na mimi sikumbuki hata moja. Sasa pangusa kamasi. Kesho utasema mawili."

Baba, tangu siku ile ya Krismasi hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba kitu kilichotoka mdomoni mwangu kilikuwa kizuri. Mgeni, Mjaluo, anayenuka samaki, hajui hata ukoo wangu, ndiye aliyeniambia. Nimekuandikia hilo ulisome polepole.

Kuanzia hapo kila jioni nikitoka kazini nilipitia kwake sokoni. Alinipa karai la samaki akasema, "Ita watu." Yeye akakaa pembeni, akanyoosha miguu, akanitazama kama anayetazama ng'ombe wa kununua. Nikaita mara mbili, "Ngege," kwa sauti ya mtu anayeomba maji. Akacheka mpaka akashika mbavu. Lakini kisha akasema, "Ile ya pili ilifika kwa muuza chumvi. Aligeuka. Mzuri." Ndiyo desturi yake: kwanza anakupa lililo zuri, la kweli, asilolibuni, halafu ndipo anakuchapa. "Leo uliangalia mtu kwa macho, mzuri. Lakini mkono inashika sketi kama sketi inataka kukimbia." Kesho yake niliiachia sketi. Siku nyingine, "Leo ulingoja watu wacheke ndiyo ukaendelea, mzuri. Lakini unameza mwisho ya neno. Mwisho ya neno ndiyo tamu, unakula peke yako?"

Siku moja akaniuliza, "Na hii kuomba msamaha kila saa, uliiba nini?"

Nikamwambia kwetu binti mwenye adabu huanza hivyo.

"Adabu ni kwenu. Hapa mtu anasimama, anajipaka sifa kwanza, anasema yeye ni mtoto ya nani, watu wajue wanasikiliza nani. Baba yako ni nani?"

Nikasema, "Anaitwa Chacha. Alikuwa Keya, askari wa Mwingereza. Alipigana vita huko Bama, akavuka mto akiwa amembeba mgongoni mwenzake aliyejeruhiwa, risasi zikipita."

Min Atieno akaliweka karai chini. "Na hiyo ndiyo unaficha? Unatuambia 'nisamehe' na uko na baba namna hiyo?"

Basi usiseme nililitaja jina lako kwa kukosa adabu. Nilifunzwa kulitaja na mtu aliyelistahi kabla hajakuona.

Ikafika siku ya Sori. Hujafika huko, Baba. Ni kando ya ziwa, omena, wale dagaa wa ziwani, wameanikwa mchangani kila mahali, nyavu zimetandazwa, na upepo unatoka majini unakwapua maneno kabla hayajafika kwa mtu. Wavuvi walikuwa wengi, wamesimama na mikono kifuani. Wafanyabiashara wa ng'ombe walikuwepo pia, mmoja wao huyo Marwa wenu. Min Atieno alikuwa amekuja kununua omena. Asubuhi aliniambia, "Nitakaa nyuma ya watu wote. Nikiinua karai, sikusikii. Usiniinulishe, mkono yangu imezeeka."

Niliposimama magoti yalikuwa yakigongana. Sikuinamisha macho. Nikasema kwa sauti ileile ya samaki: "Mimi ni Boke! Binti Chacha, aliyevuka mto wa Bama na mwenzake mgongoni!"

Kisha akina mama wakapiga vigelegele, na mvuvi mmoja akapaza sauti, "Nyar Chacha, wuo!" Maana yake, binti Chacha, sema! Baba, laiti ungesikia jina lako lilivyopokewa na watu wasiokujua. Marwa aliwachekesha wageni wako. Vigelegele vya Sori mbona hakukuletea?

Nikaanza. Nilipofika kwenye neno choo, sauti ikashuka kwa aibu. Kule nyuma karai likapanda. Nikavuta pumzi nikalisema tena, "Choo!" Karai likashuka. Watu waligeuka kutazama ninachokitazama, wakaona ni mama na karai lake, wakacheka, nami nikacheka nao. Hofu ilipungua hapo. Haikuisha, ilipungua.

Karatasi ya Nairobi niliikunja nikaitia mfukoni. Nikasema, "Karatasi inasema choo kimoja kwa kila boma. Aliyeiandika hana mkwe. Mimi nawaambia viwili. Cha wazee upande wa zizi, cha wake wa vijana nyuma ya jikoni, na njia zisikutane."

Nikangoja Odhiambo ageuze. Odhiambo alikuwa mdomo wazi, anamtazama Bwana Afya. Na Bwana Afya alikuwa mwekundu kama ng'ombe wako. Nikaona nikingoja ruhusa nitangoja mpaka kesho. Nikasema mwenyewe kwa Kijaluo changu kibovu, nikainua vidole viwili: "Ariyo! Ariyo!" Viwili! Wazee wakaanza kuitikia, "Ariyo! Ariyo!" Na mzee mmoja aliyekuwa amekwisha geuka kwenda zake akarudi, akaketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akauliza shimo liende kina gani. Hilo swali, Baba, ndilo lililonifurahisha kuliko makofi.

Kwenye gari Bwana Afya akafoka, "Nani alikuambia viwili?"

Nikamjibu, "Bwana, shimo moja lisiloingiwa na mtu ni nyumba ya vyura. Nimewaambia watakachokichimba na kukitumia. Ukitaka kunirudisha kwetu nirudishe, lakini pita Sori kwanza baada ya mwezi uone."

Ndiyo, nilimjibu hivyo. Mimi, niliyeumbwa kusikiliza.

Hakunirudisha. Baadaye alipita Sori, akakuta mashimo yamechimbwa, mawili mawili, mengine yamekwisha ezekwa. Siku hizi yeye mwenyewe anawaambia watu "viwili", tena kwa namna ya mtu aliyezaliwa akilijua. Nimemwachia. Na Min Atieno, alipokuja kwangu jioni ile ya Sori, nilidhani atanisifu sana. Akasema, "Wakati Odhiambo alinyamaza, wewe hukunyamaza. Hiyo nitakumbuka mpaka kaburini. Lakini bado unameza mwisho ya neno."

Usidhani basi nimekuwa mkuu wa wasemaji. Kule Uriri Min Atieno hakuwepo, nami katikati ya hotuba nikasahau kila kitu, nikabaki natazama ndizi za mama mmoja. Zamani ningekimbia. Nikasema, "Nimepotea kidogo, nisubirini." Yule mama wa ndizi akajibu, "Tafuta tu, mama, sisi tuko." Nikatafuta, nikapata, nikaendelea. Magoti yangu yanagongana mpaka leo. Nimeamua yagongane, mimi niseme.

Sasa turudi kwenye amri yako. Sikuombi msamaha kwa kulitaja jina lako, kwa sababu nikiomba nitakuwa nimerudi palepale, macho chini, sketi mkononi. Wageni wako wakicheka, waulize watoto wao wangapi walichukuliwa na kuhara mvua zilizopita, kisha wacheke tena kama wataweza. Yule kijana mwambie anaweza kungoja au anaweza kwenda. Akija aje akijua anamwoa mwenye mdomo. Nami sikuupata mdomo huu kwa Wajaluo peke yao. Nani husimama kila penye harusi na matanga kusimulia Bama, mpaka ugali upoe? Mtoto wa nyoka ni nyoka, Baba. Wewe ulisahau tu, siku ile ya Krismasi, kwamba mimi ni wako.

Na kuna jambo Marwa hakulijua. Baada ya mavuno ya wimbi Bwana Afya anakuja huko kwetu, siku ya soko, na msemaji ni mimi. Nitasema kwa Kikuria chetu. Hakuna mkalimani, kwa hiyo hakuna wa kunifichia maneno yangu wala wa kuyatia sukari. Wazee wote watakuwepo, na wageni wako hao waliopaliwa na pombe. Nitasimama, na jambo la kwanza nitakalotaja ni mimi binti ya nani. Watu wakishalisikia jina, watageuka kulitazama boma lako, maana liko juu ya kilima na kutoka sokoni linaonekana lote, mbele na nyuma. Watakachokiona huko si juu yangu. Jembe ni lako, na siku bado zipo.

Nisalimie Mama, mwambie anywe maji yaliyochemka hata kama anasema hayana ladha. Nisalimie kaka yangu mkubwa, na umwambie mkewe nimemkumbuka hasa yeye, kwa kuwa ndiye atakayenishukuru kwa hicho kimoja cha nyuma ya jikoni. Nisalimie bibi mzaa baba, msomee barua hii yote usiruke mahali, nitamwuliza. Msalimie shangazi wa ng'ambo ya mto, na mchungaji wa kanisa letu, umwambie mistari ya Krismasi bado naikumbuka, na safari hii itatoka. Marwa naye msalimie. Kelele zake nimezisikia, na ng'ombe bado anakunywa maji.

Jambo la mwisho, Baba, na hili si amri, ni ombi. Siku hiyo usikae mbele na wazee. Simama nyuma kabisa ya watu wote, kwa wauza chumvi, na uvae ile kofia yako ya Keya nipate kukuona. Ukiwa hunisikii, iinue, nitapaza sauti. Ukinisikia, iache kichwani.

Ni mimi mtoto wako, ninayekupenda na nisiyerudi nyuma,

Boke binti Chacha